Maziko ya Jarida la Heskel

Mume wangu Heskel hajui kutulia. Akinywa chai anaizunguka meza na bilauri mkononi, akisoma anasoma huku anatembea, akilala miguu inaendelea na safari. Mchana ni karani wa bandarini, hapa hapa Haifa. Jioni ni mwandishi. Ukarani ndio unaotulisha. Uandishi umenimalizia zulia la sebuleni, maana hadithi zake zote amezitunga akilikanyaga.

Mwaka ule alikuwa na jarida. Yeye na Mwalimu Wajih, Mwarabu anayefundisha shule ya kule bondeni, walilianzisha kwa hisani ya Nyumba ya Utamaduni, nusu Kiebrania na nusu Kiarabu, wakaliita Ukuta Mmoja. Lugha hizi zote mbili huanzia kulia, kwa hiyo kila moja ilidai jalada la mbele. Wakagombana kama wake wenza wenye jiko moja, hadi walipoamua nusu ya jarida ichapwe kichwa chini miguu juu, pasiwe na wa pili. Heskel aliamini, na bado anaamini, kwamba mtu akishasoma kilio cha jirani yake kwa lugha yake mwenyewe, kumchukia kutamwia vigumu. Mimi nimeishi na majirani wengi.

Kisha ukatokea mlipuko sokoni, na baada yake vijana wa Kiyahudi wa huku kwetu mlimani wakashuka kuvunja maduka ya bondeni. Watu wetu wakaacha kwenda kununua samaki kule, na wa kule wakaacha kupanda huku. Hata salamu ziliadimika. Kamati ya Nyumba ya Utamaduni ikamwambia Heskel waziwazi: toeni toleo moja, na kama hatusikii mtu akilizungumzia, hilo ndilo la mwisho.

Hapo ndipo alipotoa hadithi aliyoiogopa tangu ujana wake. Ilihusu usiku mmoja wa sikukuu yetu, kule Baghdad alikozaliwa, watu wenye visu walipokuwa wakiingia nyumba za Wayahudi moja baada ya nyingine, na jirani yao Mwislamu, Mama Sabah, akamchukua mama yake Heskel na watoto akawaficha kwake, chini ya ngazi. Niliisoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Nami ni mtoto wa Baghdad. Niliisoma nimesimama, na chakula kikaungua.

Kosa lilikuwa moja. Katika dua zote za hadithi ile alimwandika Mungu kwa jina lake kamili, herufi zote.

"Weka kifupi kama watu wote," nilimwambia. "Unajua kabisa karatasi yenye jina kamili haitupwi. Inapelekwa sinagogi, na ghala likijaa inazikwa makaburini kama maiti."

"Mama yangu alikuwa chini ya ngazi za watu, Nazima! Unadhani yeye na Mama Sabah walimwita Mungu kwa kifupi?"

"Walikuwa wanaomba. Hawakuwa wanachapisha."

"Usinitie kichaa."

"Kichaa nilikukuta nacho, Baba Yvette."

Baba Yvette ndivyo anavyoitwa mtaani, kwa jina la binti yetu. Hakubadili hata herufi. Wajih naye, kwa upande wake, aliandika Bismillahi nzima juu ya ukurasa wa kwanza, kwa wino mzito.

Wakaligawa jarida kwa vinyozi, zahanati, mikahawa, mlangoni mwa sinagogi na mlangoni mwa msikiti. Kesho yake jioni halikubaki hata moja. Heskel aliingia nyumbani akanishika kiuno, akanizungusha mbele ya dirisha lililo wazi, mwanamume wa umri ule.

"Yamekwisha! Wameyanyakua yote!"

Nami nilifurahi, sifichi. Nilimpikia madonge ya unga yaliyojazwa nyama, kwa mchuzi wa viazisukari vyekundu, nikamwalika Wajih, tukala mpaka tukafungua vifungo.

Basi, kimya. Siku zikapita na hakuna aliyesema neno. Heskel akaanza kuwazungukia watu. Alinyolewa mara mbili ndani ya wiki moja ili tu amhoji kinyozi.

"Lile jarida uliliona?"

"Zuri sana, Baba Yvette. Mungu akubariki."

"Ulipenda wapi?"

"Pale... kote tu. Geuza shingo."

Akawa hali chakula. Anaamka, anafika mlangoni, anarudi, anauliza kama kuna aliyepita. Simu ikilia kwa jirani anadhani ni yake. Nilimwonea huruma na nilitamani kumtupia sufuria, vyote kwa pamoja. Siku moja alisimama jikoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Sitaki sifa, Nazima. Nataka mtu mmoja tu. Mmoja aniulize kitu kuhusu Mama Sabah." Nilimenya vitunguu, nikapata kisingizio cha macho yangu.

Jumatano akaja Mzee Tsiyon, mtunza sinagogi yetu, mtu mwenye ndevu za heshima na magoti mabovu.

"Baba Yvette, kesho tunazika karatasi. Njoo utusaidie kubeba, mwaka huu magunia yamezidi. Mengi ni yako."

"Yangu vipi?"

"Jarida lako. Nimezunguka mwenyewe kwa miguu hii. Kinyozi, zahanati, mpaka kwa muuza bisi. Niliache jina la Mungu kwa kinyozi, watu wafutie sabuni?"

Heskel alikwama na bilauri yake. "Lakini uliyasoma?"

"Nikaliona jina, nikabusu ukurasa, nikatia guniani." Alituangalia kwa zamu, akingoja ashukuriwe. Mzee wa watu alikuwa ametimiza wajibu wake.

Tulimpelekea Wajih habari. Akajishika kichwa. Kumbe msikitini nako waliikuta Bismillahi, wakakusanya mpaka ya mkahawani, wakayahifadhi kwa heshima mahali pasipokanyagwa. Akaanza kucheka mpaka akaegemea mlango.

"Tumefaulu, Heskel! Pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo moja!"

Heskel hakucheka. Alikuwa mweupe kama unga.

Kesho yake tulikwenda makaburini. Palikuwa na wazee wa sinagogi, wachimbaji wawili, mimi na Khatun, mke wa Tsiyon, na Wajih, aliyekuja amevaa koti lake la harusi.

"Na huyu?" akauliza Tsiyon.

"Ni mfiwa," nikamjibu.

Magunia yakateremshwa shimoni moja moja: vitabu vya sala vilivyochakaa, kurasa za Torati zilizoliwa na nondo, na Ukuta Mmoja, mapya, bado yananuka wino. Lilipofika la mwisho Heskel alilikumbatia.

"Maiti haizikwi bila kusemewa neno."

Tsiyon akajikuna ndevu. Hilo hakuweza kulikataa. "Neno moja. Fupi."

Heskel akatoa nakala na kuanza kusoma. Miguu yake ilikwenda na kurudi ukingoni mwa shimo mpaka nikaogopa atatumbukia. Alisoma makelele ya barabarani, mama yake akimziba mdomo mtoto mchanga, Mama Sabah akiwafunika kwa magodoro. Akaifikia dua ya Mama Sabah: "Mwenyezi Mungu, wafunike kwa mkono wako, usiwafunue mpaka kukuche." Jina alilitaja lote, kwa sauti.

Kwetu dua ikisikika huitikiwa. Mtu aliyekulia sinagogi hasubiri kufikiri.

"Amina," akasema Mzee Tsiyon, na wazee wote nyuma yake. Wajih naye akaitikia. Ndipo Tsiyon alipotambua ameitikia dua ya nani. Akakohoa, akajifanya anatazama mawingu.

"Wakagonga mlango wa Mama Sabah," akaendelea Heskel, "wakasema, Fungua, tunajua wako humu..."

Langoni gari la maiti likapiga honi. Wachimbaji wakashika makoleo yao mbiombio.

"Basi, Baba Yvette," akasema Tsiyon, tena kwa upole. "Wafiwa wenye maiti wamefika." Akaichukua nakala mkononi mwa mume wangu, akaibusu, akaitupia shimoni.

Heskel akatia udongo wa kwanza, kisha akamnyooshea Wajih beleshi.

"Usimpe mkononi!" Tsiyon akafoka. "Unataka kumwambukiza msiba? Lichomeke chini, alichukue mwenyewe."

Wajih akangoja lichomekwe, akalichukua, akafukia kama alivyofukia mwenzake.

Nyumbani tulikuta ujumbe wa kamati: jarida limefungwa, na asante kwa juhudi. Heskel aliusoma akazunguka zulia, akausoma tena. Nilimwekea chakula hakukiona. Niliogopa, nasema kweli. Nilimwona kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba isiyo na mlango.

Alasiri akaingia Khatun, bila kubisha hodi, na sahani ya mayai ya kuchemsha. Ndicho chakula tunachowapelekea waliotoka kuzika.

"Huu ni mzaha, Khatun?" nikamuuliza.

"Mzaha gani? Mmezika, mle." Akaketi, akajipepea kwa kitambaa. "Tsiyon amelala. Haya, niambieni upesi kabla hajaamka. Wale watu walipomgongea yule mama, aliwafungulia au hakuwafungulia? Tangu asubuhi sijafanya kazi ya maana. Hata chumvi nimetia mara mbili."

Heskel alisimama katikati ya sebule. Akapapasa mifuko ya koti akiitafuta hadithi yake. Na nakala hatukuwa nayo hata moja.

Nikasimulia mimi, kwa Kiarabu chetu cha Baghdad, ambacho Khatun alikinyonya kwa mama yake. Nikamwambia Mama Sabah aliufungua mlango wote wazi, akaketi kizingitini, akainyoosha miguu, akaweka ungo mapajani na kuanza kuchambua mchele. Nikamwambia walimtukana, walimtishia kisu, naye akichambua, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumruka.

Khatun alikuwa ameshika yai, amesahau kulimenya. "Mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi," akasema Heskel.