Kikombe cha Mwalimu Fauzi

Usiku ule, nyie vijana mtakaosoma haya, sikuwa na homa wala sikuwa nimevimbiwa. Nasema mapema kwa sababu nawajua. Bibi akisema ameota, mnatazamana na kuulizana kala nini. Nilikula ugali na mlenda kama siku zote, nikaswali isha, nikalala. Basi tulieni msome.

Kwanza mjue nilichokifanya alasiri ya siku hiyo, maana ndoto haikunijia bure.

Walikuja watu wawili wa mtaa wetu huku Tabora: Mzee Kasimu fundi baiskeli, na Mama Pili anayeuza mkaa. Mzee Kasimu alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na kanzu ile huwa tunaiona Idi tu. Nikajua wamefuata nini. Walikuwa wanamtaka mjukuu wangu Zuhura, binti wa mwanangu Rajabu, agombee uenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwisho wa kuchukua fomu ulikuwa kesho yake saa kumi jioni, na Zuhura alishasema mbele za watu kwamba bila ruhusa ya bibi yake hagusi karatasi yoyote.

Nikawakaribisha mkekani. Nikawamiminia kahawa chungu yenye tangawizi, nikawawekea na kashata.

Mzee Kasimu akakohoa. "Mama Rajabu, sisi leo tumekuja..."

"Kunywa kwanza, mzee. Kahawa inapoa."

Akanywa. Mama Pili naye akafungua mdomo, nikamuuliza gunia la mkaa siku hizi anauzaje. Akajibu. Nikammiminia tena. Kwetu mgeni akipewa kikombe anakinywa, hata kama koo limekataa. Ndiyo adabu yetu, na mimi siku ile niliigeuza adabu hiyo fimbo. Walipomaliza nikakusanya vikombe, nikasema magharibi imekaribia. Wakanyanyuka, wakashukuru, wakaondoka na ombi lao kama walivyokuja nalo.

Zuhura alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Bibi, umewaziba midomo kwa kahawa."

"Nimewakirimu."

"Umewakirimu kweli. Hata kuomba hawakuomba."

"Nenda kaoshe vikombe, mheshimiwa."

Akaenda akaviosha. Nikavisikia vinavyogongana kwenye beseni, na kila kimoja kikaniuma.

Msinione jiwe. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu yangu ina jina. Anaitwa Mwalimu Fauzi, Mungu amrehemu.

Zamani, Rajabu akiwa bado ananyonya, tulikuwa na mpangaji kwenye chumba cha uani. Mpalestina, kijana mwembamba, anafundisha hisabati sekondari. Shati lake halikukosa chaki mkononi. Alizaliwa kambini, kwenye hema, watu wao wakiwa wamefukuzwa kwao. Alikuwa na adabu, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kama baiskeli kwenye mawe, na chakula alikula kwetu.

Ijumaa moja alikuja sebuleni, akaketi na marehemu mume wangu. Nikampa kahawa. Akakipokea kikombe, akakiweka chini, asikiguse. Nikangoja. Hakukigusa. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekutilia sumu?" Akababaika, Kiswahili kikamkimbia. Basi nikakinyakua kile kikombe, nikaenda kukimwaga uani, yeye anatazama. Siku tatu sikumpikia.

Mume wangu ndiye aliyemuuliza, walipokuwa wanatoka msikitini. Alirudi nyumbani anacheka mpaka anashika ukuta. "Mke wangu, umemwaga ombi la watu! Kwao mtu akija na jambo zito hanywi kahawa ya mwenye nyumba mpaka aulizwe anataka nini, na akubaliwe. Mimina kingine."

Nikamimina kwa aibu. Mume wangu akamwambia, "Omba."

Mwalimu Fauzi akasema, "Namwombea Mama Rajabu ruhusa ya kwenda darasa la jioni, akajifunze kusoma. Mama yangu hakujua. Barua za kaka yake alisomewa na majirani, na majirani wakajua kila kitu chake."

Mume wangu akanitazama, kisha akamwambia, "Kunywa."

Kwa hiyo herufi hizi mnazosoma zimetoka kwenye kikombe kile.

Baadaye alirudi kwao. Akatuandikia kwamba ameanza kusimamia mambo ya kambi. Halafu kimya kirefu. Kumbe amefungwa, na binti yake akazaliwa yeye yuko ndani. Alipotoka akawa mkuu wa mji wake, kisha tukaanza kumsikia redioni, mmoja wa wale wanaokaa vikaoni kuwasemea Wapalestina wote. Siku redio iliposema amefariki nilikuwa nachambua mchele. Nikasema moyoni, uongozi umemla yule kijana. Nikaapa hautamla mtu wa nyumba hii.

Ndiyo sababu yangu hiyo. Sasa ndoto.

Nilijiona nimekaa mkekani, sebule hii hii, ila haina dari. Mwanga wake ulikuwa wa asubuhi baada ya mvua. Mume wangu yuko kwenye kiti chake, mguu mmoja juu ya mwingine, kama hajafa. Sikumshangaa. Nilimwambia tu ateremshe mguu, kuna mgeni.

Mgeni ni Mwalimu Fauzi. Uso wa mzee, ndevu nyeupe, lakini shati ni lile lile lenye chaki. Ananiamkia kwa Kiswahili kilichonyooka, nami nawaza, huko aliko wamemfundisha vizuri. Namimina kahawa. Anakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, anakiweka chini.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kukichukua.

"Mama," akasema, "safari hii usimwage."

Nikaurudisha mkono.

Akanyanyuka, nami nikamfuata uani. Uani hakuna banda la kuku, hakuna kamba ya nguo. Ni mahema, mahema mpaka macho yanapokoma, na matope ya kufika kifundoni. Mimi nimeshika ndoo. Mbele yangu kuna wanawake na madebe, na huko mbele bomba moja linatoa maji membamba kama uzi. Wanasukumana. Mmoja anamvuta mwenzake ushungi. Sijui lugha yao, lakini matusi ya bombani nayaelewa, ni yale yale ya kwetu.

Fauzi anapita katikati yao na kipande cha chaki. Ni kijana sasa, ndevu hazipo. Anainama kwenye kila debe, anaandika namba. Mjamzito anamwandikia namba ya kwanza. Bibi kizee, ya pili. Mwanamke mmoja mnene anafuta namba yake kwa kiganja anataka ndogo zaidi; Fauzi anamwandikia ile ile tena, anafuta tena, anaandika tena, mpaka mwanamke mwenyewe anaangua kicheko na foleni nzima inacheka naye. Maji yanaingia madebeni. Hakuna anayesukuma. Mwisho ananifikia mimi, anaandika kwenye ndoo yangu, nami nasoma namba ile bila kusaidiwa na mtu.

"Uongozi wangu ulianzia hapa," akasema. "Hapa tu."

Nilipoinua macho nilikuta ukuta. Chumba cha mawe, kidirisha juu, wanaume wameketi sakafuni wamevaa nguo za wafungwa. Nikataka kulia kwa ajili yake. Lakini yeye yuko mbele yao na chaki ile ile, ukutani ameandika herufi, na mwanaume mmoja mwenye kovu shavuni anazisoma moja moja kwa sauti ya mtoto. Wenzake wanamtania, naye anawatolea ulimi. Karibu na herufi kuna mistari ya kuhesabu siku. Ni mingi. Sitawadanganya, niliiona. Na penye mstari mmoja amechora ua dogo, nikajua bila kuambiwa kwamba ndiyo siku aliyozaliwa binti yake.

Nikataka kulishika lile ua. Nikashika mbao ya meza.

Ni meza ndefu, ya vile vikao nilivyovisikia redioni. Wazee wenye vilemba upande huu, wenye tai upande ule, hawasalimiani. Mbele ya kila mmoja kuna kikombe kimejaa, na hakuna anayekunywa. Fauzi amesimama kati yao na dele la kahawa, nywele zimeanza mvi. Hahimizi mtu. Anamwendea mmoja mmoja, anainama, anauliza, "Unaomba nini?" na anakaa kimya mpaka mtu amalize. Mmoja anaongea huku akipiga meza. Mwingine analia, mwanaume mzima. Anawasikiliza wote, kahawa imepoa kabisa. Kisha mzee wa upande huu anamtazama wa upande ule, anachukua kikombe chake na kunywa kahawa ile baridi, uso umekunjamana kwa uchungu wake. Wa upande wa pili anakunywa chake.

Pale nikaona haya. Nilimkumbuka Mzee Kasimu na kanzu yake ya pasi.

Sasa tumeketi bustanini, chini kuna majani makavu, na mwanamke mtu mzima anamsomea Fauzi gazeti. Ni binti yake. Anamsomea huku anamkosoa mwandishi, baba anacheka mpaka bega linatikisika. Amekonda. Ni mzee wa kufa kesho, na usoni hana kinyongo na mtu.

Nikamuuliza lile lililokuwa kifuani mwangu miaka yote.

"Mwanangu, hukujuta?"

Akaniangalia sana.

"Nilichoka, Mama. Nilichoka mpaka mifupa. Kujuta, hapana."

Na mara tumerudi kwenye sebule isiyo na dari, kikombe kiko pale pale sakafuni, kinatoa moshi kama nimekimimina sasa hivi. Mume wangu ananitazama kwa jicho lile la siku ile.  Anamngoja mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Nikajikaza, nikasema, "Mwalimu Fauzi, omba."

Hakutaja jina la mtu. Alinyoosha mkono mlangoni. Pale barazani wameketi Mzee Kasimu na Mama Pili, vikombe vimejaa mikononi mwao, na kati yao amesimama Zuhura, ndoo pembeni, vidole vyeupe kwa chaki.

"Naomba hawa waulizwe walichokuja nacho," akasema. "Basi."

Nilikaa. Sijui nilikaa kiasi gani, ndoto haina saa. Niliwaza kifungo, niliwaza ile mistari ukutani, nikawaza Zuhura anavyogawa zamu pale bombani kwetu tangu mwaka jana bila kutumwa na mtu, na mimi namwita mheshimiwa kwa kumkejeli. Moyo ukalegea kama fundo lililolowa maji.

"Kunywa," nikamwambia.

Akakichukua kikombe. Nikamsikia anavyofyonza kahawa, kwa kelele, kama watu wanavyokunywa kitu wanachokipenda. Mume wangu akacheka. Kwa sauti ya kicheko kile nikaamka, na muadhini anaadhini.

Nililala kidogo nikitazama dari. Lilikuwapo. Kinywani nilikuwa na ladha ya tangawizi, nami najisikia mwepesi, kama mtu aliyerudisha kitu cha watu alichokaa nacho muda mrefu.

Baada ya swala nikawasha moto mwenyewe. Nikamtuma Rajabu awaite Mzee Kasimu na Mama Pili kabla hawajafungua kazi. Walikuja wana wasiwasi. Mzee Kasimu safari hii na ovaroli lenye grisi, Mama Pili mikono myeusi. Nikawamiminia. Mzee Kasimu akakiinua kikombe haraka, maskini, amekwishaniogopa.

"Weka chini," nikamwambia.

Akakiweka kama kimemuunguza.

"Jana mlikuja na jambo. Ombeni."

Wakatazamana. Mama Pili ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Mama Rajabu, tunamwomba Zuhura. Tangu aanze kupanga zamu za bombani, mimi sijapigana na mtu."

"Na wewe ulikuwa mpiganaji," akasema Mzee Kasimu.

"Nilikuwa," akasema Mama Pili, "na wewe ndoo yako nimewahi kuipiga teke."

Zuhura alikuwa mlangoni mwa jiko, lakini mikono haiko kiunoni. Ameishikanisha kifuani. Nikamwita aje akae karibu yangu. Nikamwambia kuna siku atachoka, na siku hiyo asije kulia kwangu kwamba sikumwambia. Akasema, "Ndiyo, bibi." Nikawageukia wale wawili.

"Kunyweni," nikasema.

Wakanywa. Rajabu naye akajimiminia bila kukaribishwa, nikamwacha.

Kisha nikasimama, nikawaambia wote wa nyumba hii, na ninyi mnaosoma mjihesabu humo humo: "Kuanzia leo, mgeni akiweka kikombe chini, hakuna wa kukiondoa wala kumhimiza anywe mpaka aulizwe alichokuja kuomba na asikilizwe mpaka mwisho. Na wewe Rajabu, acha kutabasamu, toa pikipiki, mpeleke mwanao akachukue fomu."