Chachu ya Nyumba Mbili

Mwezi uliopita nilikwenda Runazi kwenye harusi ya binamu yangu, nikakaribishwa pombe ya mtama kwenye jagi la plastiki. Haikuwa mbaya, ila ilinukia mkate. "Siku hizi tunatia hamira ya dukani," shangazi aliniambia. "Nani ana muda wa kutunza chachu?" Mimi, ndugu yangu, nilimjua aliyekuwa na muda huo.

Bibi yangu alipika pombe nyumbani. Aliloweka mtama, akaufunika kwa majani ya migomba mpaka uchipue, kisha akauanika, na kazi ya kufukuza kuku ikawa yangu. Ulipokwisha kusagwa, unga wake ulikuwa mtamu, nikaulamba kiganjani. Uji ulipopoa ndipo Bibi alipotia chachu. Hakuinunua. Yalikuwa mashapo mazito yaliyobaki chini ya mtungi wa pombe iliyotangulia, na mbegu yake, alisema, aliikuta kwa mama mkwe wake.

Chachu ikikaa sana bila kupikiwa hufa. Kwa hiyo Bibi na jirani yetu, rafiki yake tangu walipoolewa, walipika kwa zamu. Bibi akimaliza alimpelekea mwenzake mashapo kwenye kibuyu, naye akishapika, Bibi alikwenda kuyachukua. Safari hiyo fupi ilikula asubuhi nzima. Walikaa wakimenya mihogo na kucheka mambo ambayo nikisogea tu waliyakatiza.

Kisha jirani akaokoka. Sisi hatukuwa na habari. Zamu ya Bibi ilipofika tulikwenda kuchukua chachu, tukamkuta anausugua mtungi kwa majivu.

"Nimeimwaga, mwenzangu," alisema bila kuinua macho. "Pombe nimeacha."

Bibi alisimama na kibuyu chake mkononi. "Kuacha ni kwako. Ungeniita tu nije kuichukua."

"Ningekupaje kitu ninachokiita dhambi?"

Bibi alikitia kibuyu kwapani, akageuka. Tukarudi nyumbani.

Alijaribu hamira. Pombe iliumuka, wanywaji wakaisifu kwa adabu, lakini vikombe viliachwa nusu. Baadaye mtungi ukawa wa maji. Ila iliyoniuma si pombe. Wale wanawake hawakugombana. Wakikutana kisimani walisalimiana vizuri. Lakini hakuna aliyekwenda tena kwa mwenzake, kwa kuwa hapakuwa na cha kupeleka wala cha kufuata. Bibi akawa anamenya mihogo peke yake. Nikirudi kuchota maji aliniuliza, "Umemwona? Anaendeleaje?" Nikimwambia aende mwenyewe akamwone, alisema atakwenda kesho.

Bibi alipofariki, jirani alikuja msibani na fimbo yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono asiuachie.

"Nilimsubiri," alisema. "Nilifikiri hasira zitaisha, atakuja. Nilikuwa nachemsha chai ya watu wawili, kisha nainywa mwenyewe."

"Alikuwa akikuulizia, bibi," nilimwambia. "Kila nilipotoka kisimani."

Aliuachia mkono wangu, akaniomba maji ya kunywa.

Naye sasa hayupo. Zile nyumba mbili bado zinatazamana, lakini katikati, walipokuwa wakipita wale wanawake, wajukuu wamepanda maharage, na ukiwauliza watakuambia hapo hapajawahi kuwa na njia.