Kioo Tulichosaga Temeke

Darubini niliyopanda nayo ndege kwenda Uingereza haikuwa nzima. Ilikuwa kioo kimoja cha duara, upana wake inchi nane, uzito ratili tano, pamoja na lenzi ndogo ya kuchungulia iliyoenea kwenye mfuko wa shati. Bomba lake, ambalo kwa kweli lilikuwa sanduku refu la mninga, nililiacha Temeke limesimama uani karibu na jiko.

Wakati huo nilikuwa karani wa kuchora ramani katika ofisi ya serikali. Shule yangu iliishia darasa la nane. Mengine niliyasoma mwenyewe, kwenye vitabu walivyouza Wazungu waliokuwa wakirejea kwao, na kimoja kati ya hivyo kilieleza namna ya kusaga kioo cha darubini kwa mkono. Nikapata vioo viwili vinene vya dirisha la meli kwa wauza vyuma chakavu wa bandarini, na unga wa kunolea kwa makanika mmoja. Nikajaza mchanga kwenye pipa ili lisitikisike.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kioo kimoja hulazwa juu ya pipa, cha pili huwekwa juu yake, katikati unatia unga na maji kidogo. Unasukuma cha juu mbele, unakirudisha, unakizungusha kidogo, unapiga hatua moja kulizunguka pipa, unaanza tena. Baada ya miezi mingi kioo cha juu huwa kimechimbika kama sahani, na hicho ndicho kioo cha darubini.

Mwanzoni nilisaga mimi, nusu saa kila jioni, nikiandika idadi ya misukumo daftarini. Mke wangu alinitazama wiki nzima. Wiki ya pili akaniambia kwamba unga umekwisha nguvu, nitie mwingine. Nikamwuliza amejuaje, akasema kioo kinalia tofauti. Alikua kwao Upare akisaga ulezi juu ya jiwe, na sikio lake lilijua mambo ambayo kitabu changu kiliyaeleza kwa kurasa tatu.

Kuanzia hapo kazi ikawa yake. Mimi niliondoka na baiskeli asubuhi, naye akishafua alijifunga kanga kiunoni akalizunguka pipa. Majirani walimcheka juu ya ua: wenzake wanasaga mtama, yeye anasaga chupa.

"Nyie sageni mle," aliwajibu. "Mie nasaga nitazame."

Hatukujaliwa mtoto. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, watu waliacha kumwuliza habari hiyo, wakawa wanamwuliza habari ya kioo.

Daftari lile ninalo mpaka sasa. Siku zangu nilizitia alama ya msalaba, siku zake nukta. Kuna kurasa nzima za nukta tupu. Hatua ya mwisho, ya kung'arisha juu ya lami, sikuigusa kabisa, maana mkono wangu ulikuwa mzito na ulikwaruza. Alipomaliza, fundi vioo wa Kihindi mjini alikipaka fedha. Jioni tulipokifunga ndani ya sanduku la mninga, giza lilikuwa halijashika vizuri, tukamwona Mshtarii, ile sayari kubwa, na vinyota vyake vinne vimejipanga pembeni. Mke wangu alitazama mpaka mboga ikaungua jikoni, na hakujali.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kwenda kusomea upimaji wa ardhi Uingereza, miaka miwili, peke yangu. Nikasema kioo nitakichukua. Yeye alitaka kibaki. Nilimpa sababu zangu kwa mpangilio: chumvi ya hewa ya pwani itaila ile fedha, vumbi litakikwaruza, hakuna wa kukirekebisha. Alisikiliza zote. Sababu ya kweli sikuitaja. Nilikuwa nakwenda kukaa na watu wenye vyeti, na sikutaka kufika mikono mitupu.

Zilipita siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta amefungua mto wetu mmoja, anashindilia sufi ndani ya kisanduku cha kubebea kioo. Akakifunga, akakipindua juu chini mbele ya sikio lake, akasikiliza kama kuna kinachocheza. Hapakuwa na kitu kinachocheza.

Nilikuwa nimepima mizigo yangu mara tatu kwenye mizani ya duka la jirani, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nahama na nyumba. Hata hivyo nilikosea. Kisanduku nilikihesabu kuwa kitu cha mkononi, na pale uwanja wa ndege, upande wa Kipawa, karani wa mizigo alikipandisha kwenye mizani pamoja na vingine. Uzito ukazidi. Nikafungua sanduku la nguo mbele ya watu, nikatoa viatu vyangu vya pili na kamusi, nikampa mke wangu aliyesimama nje ya kamba. Akavibana viatu kwapani.

"Wakikuuliza kule nani kakisaga, utasemaje?"

"Nitasema sisi wawili."

"Wawili wapi? Sema mke wangu. Wewe karani ulikuwa unahesabu tu."

Alikuwa anacheka, nami nikacheka. Nikamwambia nitasema hivyo hivyo.

Safari ilichukua zaidi ya siku nzima, na ndege ilitua mara nyingi kunywa mafuta. Kisanduku nilikipakata. Kila tulipokaribia kutua niliweka viganja vyangu chini yake ili mshindo uishie kwenye mikono. Kilifika salama.

Chuoni palikuwa na karakana ya vyombo vya upimaji, na mzee mmoja aliyeisimamia. Alikipima kioo kwa taa na wembe, kama kitabu changu kilivyoelekeza, na alikaa nacho muda mrefu. Wanafunzi wenzangu walikuwa wamemzunguka. Akasema aliyekimalizia si yule aliyekianza, mkono wa mwisho ni mtulivu kupita kiasi. Akaniuliza ni nani.

Nikaona uani kwetu, pipa, kanga iliyofungwa kiunoni. Nikaona nyuso zile zikinisubiri.

"Ni mimi," nikasema. "Nilijifunza kadiri nilivyoendelea."

Mzee akaniamini.

Barua ya mke wangu ya kwanza iliuliza wamesema nini juu ya kioo. Nikajibu kwamba wamekisifu sana, na hilo lilikuwa kweli. Ya pili iliuliza: uliwaambia? Barua hiyo nilikaa nayo siku nne. Kisha nikamwandikia kwamba niliwaambia, na kwa kuwa nimezoea kuandika mambo kwa ukamilifu, nikaongeza kwamba mzee wa karakana ameliandika jina lake katika kitabu cha vyombo vya chuo. Akajibu kwa kurasa mbili, yeye ambaye hakuwahi kujaza ukurasa mmoja. Alikuwa ameisoma barua yangu mbele ya akina mama wa kanisani, wakamwomba airudie.

Katika mwaka wa pili homa ilimchukua kwa siku sita. Simu ya maandishi ilinifikia akiwa ameshazikwa. Kurudi kabla ya mtihani hakukuwezekana, na hata kama kungewezekana, kaburi lingekuwa lilelile.

Sikuweza tena kukaa chumba kimoja na kile kioo. Nilimpa mzee kiwe cha chuo. Akakiandika kitabuni, akakibandikia kibao kidogo cha shaba chenye jina langu. Aliniita nikione kibao hicho. Nilikitazama, nikamshukuru, nikatoka.

Nilipofika Temeke, akina mama walikuja kunipa pole, na mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Upare kunisubiri. Walikaa kwenye mkeka, wakanisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akiitembeza ile barua nyumba kwa nyumba. Hata alipozidiwa, walisema, aliwaambia wauguzi kwamba ana jina Ulaya. Mmoja wao akaniuliza:

"Shemeji, lile jina bado limo kwenye kile kitabu?"

Wote wakanigeukia. Nikasema limo.

Mama mkwe akaomba nimwonyeshe lilivyoandikwa. Nikachukua kalamu na karatasi, nikaandika jina kamili la mke wangu, pole pole, kwa herufi ninazotumia kwenye ramani. Yeye hakujua kusoma. Alilitazama, akaikunja ile karatasi mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.