Alichosema Lorcan Kuhusu Mkate wa Dervla

Mpaka alipotimiza miaka ishirini na sita, Lorcan Tansey alikuwa hajawahi kumsifia mtu aliye hai. Hilo halikuwa kosa lake. Kwetu Leitrim, kaunti ya mashambani, kumsifia mtu kwa uso mkavu ni jambo linalofanywa kanisani, mhusika akiwa ndani ya sanduku na hana tena uwezo wa kuvimba kichwa. Kabla ya siku hiyo unamsema vibaya, kwa kipimo kile kile unachompenda nacho, naye anakurudishia, na maisha yanaendelea.

Alifika Melbourne mwezi wa Januari pamoja na Dervla Mulderrig, ambaye alikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na ambaye watu wa parokia walikuwa wamechoka kusubiri amwoe. Hakumwoa, wala hakuna aliyewahi kuona dalili. Walikuwa watani tu, na waliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko watu wengi wanavyofanya ndoa.

Walipanga kwetu, mtaa wa Richmond. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, sisi tulikuwa saba, na wote tulikuwa tumesafiri siku nzima angani ili tuje kuishi na watu wa vijiji vya jirani. Godoro la Dervla tuliliokota kando ya barabara wiki ile ambayo mtaa unatoa taka kubwa. La Lorcan lilikuwa na historia ambayo hatukuichunguza. Wakachukua laini za simu, wakafungua akaunti, wakaomba namba za kodi, wakaungua na jua mabegani. Viza ilikuwa ya mwaka mmoja, ile ya likizo ya kufanya kazi. Sehemu ya likizo iliisha baada ya siku nne.

Lorcan alikuwa seremala na alipata kazi bila kuitafuta. Alisimama pembeni ya uwanja wetu wa mpira Jumapili, mtu mmoja wa Longford, kaunti jirani na yetu, akamuuliza anatoka wapi, wakahesabu wajomba mpaka wakakutana, na Jumatatu akaanza kazi kwenye ujenzi wa ghorofa. Hakuna aliyemwomba cheti.

Dervla alikuwa mwokaji, na waokaji hawahesabu wajomba. Alikuwa ameoka miaka saba huko kwetu, mjini Drumshanbo, kwa Mzee Feerick, mpaka mzee alipofariki na wanawe wakageuza tanuri kuwa duka la vifuniko vya simu. Melbourne alizunguka wiki tatu na karatasi zake. Kila mahali waliuliza kama ana uzoefu wa hapa, au kama anaweza kuchora jani kwenye maziwa ya kahawa. Sisi, kwa wema wetu, tulimshauri akasafishe hoteli.

"Kusafisha nitasafisha nikirudi," alisema. "Nimekuja kujua kitu kimoja. Miaka saba watu walisifia mkate wa Feerick. Mimi ndiye niliyekuwa ninaukanda. Nataka kujua ulikuwa wake au wangu."

"Ulikuwa wake," Lorcan akasema. "Siku ukikanda wewe tulikuwa tunajua kwa meno."

"Yapi? Hayo mawili?"

Lakini ni Lorcan aliyempatia nafasi. Kila mchana alikuwa ananunua mkate wa kujazwa nyama, kotmiri na pilipili kwa Bi Tuyet, mama wa Kivietnamu aliyekuwa na duka la mikate karibu na pale walipokuwa wakijenga. Bi Tuyet alimfahamu kama Pilipili Mbili. Siku moja mkono wa mama huyo ulikuwa umefungwa bandeji, akalalamika kwamba mwokaji wake amehamia Brisbane. Lorcan akamwambia ana rafiki aliyeoka miaka saba. Hiyo haikuwa sifa, ilikuwa hesabu tu, kwa hiyo aliweza kuitamka.

"Aje Jumamosi," Bi Tuyet akasema. "Saa kumi na moja alfajiri. Nione mikono."

Jumamosi Dervla alirudi karibu saa sita mchana, unga kwenye nyusi, akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Wamekufukuza saa ngapi?" Lorcan akauliza.

"Walipoona sura yako dirishani wakajua nimetumwa na maadui." Kisha akasahau kutania. "Alisimama nyuma yangu saa nzima, amekunja mikono. Sikusikia hata anapumua. Halafu akaondoka, akaenda kuhudumia wateja. Aliniacha peke yangu na unga wake."

Hatukuelewa. Akatutazama kama watu ambao hawajawahi kuachiwa chochote cha maana, na hapo hakukosea.

"Atanipigia Jumatatu jioni. Ila anataka kwanza kuongea na mtu anayeijua kazi yangu. Nimempa jina lako."

"Langu? Kwa nini langu?"

"Mzee Feerick hapokei simu siku hizi. Lorcan, usiharibu."

"Nitakupaka asali mpaka nyuki waulize."

Nadhani alikusudia hivyo kweli. Shida ni kwamba Bi Tuyet alipiga saa nne asubuhi Jumatatu, wakati wa mapumziko, na Lorcan alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao katikati ya wanaume wanane, wote wa kwetu. Mikono yake ilikuwa na mafuta, kwa hiyo aliweka simu juu ya ubao na kufungua spika. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka kushoto.

"Pilipili Mbili. Huyu rafiki yako. Ni mzuri kazini?"

Wanaume wanane wakaacha kutafuna. Hebu ifikirie hali hiyo. Jibu lilikuwa neno moja, la kweli, na kila mmoja pale alilijua. Lakini kulitamka mbele ya wanane wale ilikuwa sawa na kuvua nguo.

"Mulderrig?" Lorcan akasema. "Mungu akusaidie, Bi Tuyet. Mkate wake wa kwanza padre aliutumia kuzuia mlango wa sakristia. Upo hadi leo."

Wanaume wakaanza kucheka. Ukishachekesha watu wa kwetu mara moja, kuacha hapo ni uchoyo.

"Kuamka hawezi. Alichelewa ubatizo wake mwenyewe. Na ukimwajiri, ficha droo ya hela, maana ukoo ule hata sadaka wanachukua chenji."

Mtu wa Donegal alimwaga chai. Kwenye simu Bi Tuyet akasema polepole, "Aa. Asante. Wewe ni mtu mkweli," akakata.

"Mama huyu anajua utani," Lorcan akasema akifuta mikono, na sote tulikubali, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishi mahali ambapo maneno yale yangekuwa na maana nyingine.

Jumatatu jioni simu ya Dervla haikulia. Jumanne aliiweka juu ya friji, mtandao ulikokuwa mzuri, akawa anapita jikoni kila baada ya dakika kumi kutafuta kijiko. Jumatano hakula. Alhamisi alipita mbele ya duka na akaona msichana mwingine anatoa trei. Aliingia hata hivyo. Bi Tuyet, bila kumtazama, alimwambia nafasi imeshapata mtu.

"Hukuuliza kwa nini?" nilimuuliza.

"Niulize nini? Nilikuwa pale. Niliukaza sana ule unga. Ganda la mikate yao ni jembamba kama karatasi, mimi nimezoea ganda la kupigania." Alikuwa ameshaitengeneza sababu nzima, hatua kwa hatua, hadi kiasi cha maji. Akajaribu kucheka. "Basi nimejua. Ulikuwa wa Feerick."

Lorcan alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakumtania, na tulidhani ni huruma.

Kesho yake, Ijumaa, alikwenda kununua mkate wake. Niliongozana naye. Bi Tuyet alimjazia nyama mara mbili na akakataa kulipwa ile ya ziada.

"Umenisaidia sana," akamwambia. "Watu wengi hudanganya kwa ajili ya rafiki."

Lorcan akaweka mkate juu ya kaunta. Alieleza kwa muda mrefu, na vibaya. Kwamba ulikuwa utani. Kwamba mlango wa sakristia haupo, yaani upo, ila unazuiwa na jiwe. Kwamba kwetu tunamsema hivyo mtu tunayempenda. Bi Tuyet alisikiliza huku akifuta kaunta mahali ambapo palikuwa pameshafutwa.

"Na sisi tunatania," akasema mwishowe. "Dada yangu namwita nguruwe. Ananijibu, mimi ngamia. Tunacheka. Lakini dada yangu anakuwepo. Huyu alikuwepo?"

Lorcan akatazama mkate wake.

"Wewe umetoka naye kijiji kimoja. Ukisema mwizi, mimi ni nani niseme si mwizi?"

"Mkate wake ulikuwaje?"

"Mzuri. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu nilipoanza. Sikumwambia, nilidhani anajua." Akakunja kitambaa. "Lakini huyu mpya nimempa neno langu, ana mtoto. Siwezi kumfukuza kwa sababu wewe ulikuwa unachekesha watu. Nenda kamwambie. Aende kwa waokaji wengine, aseme mimi nimesema ni mzuri. Watanipigia, nitawaambia."

Hapo, kwa maoni yangu, mambo yalikuwa bado yanarekebishika. Kulikuwa na mwendo wa dakika kumi na mbili hadi nyumbani, na Lorcan aliutumia wote kuzungumza peke yake, akijaribu sentensi. Aliniomba niape kwamba nitamwachia aseme mwenyewe. Niliapa. Ni kiapo pekee cha maisha yangu nilichokitunza kikamilifu, na ningekuwa na akili ningekivunja jioni ile ile.

Tulimkuta Dervla anafunga begi. Alikuwa amepata nafasi shamba la zabibu Mildura. Siku themanini na nane za shamba zingempa mwaka wa pili wa viza, na treni ilikuwa Jumapili.

"Dervla," Lorcan akasema. "Kuhusu mkate."

"Usianze kunionea huruma, we kiazi. Sura hiyo huivai hata msibani."

Alikuwa amesimama na soksi mkononi, anasubiri. Tulikuwa watatu chumbani, na wengine wawili kwenye korido. Nilimwona Lorcan akifungua mdomo, na niliona sentensi aliyoizungusha njia nzima ikifika kwenye meno na kugeuka.

"Nazionea huruma zabibu," akasema.

Watu wa kwenye korido wakacheka. Dervla akamtupia soksi. Hakuna aliyelisema tena siku ile, wala Jumamosi, na Jumapili tulimsindikiza stesheni tukiimba vibaya makusudi.

Alizimaliza siku zake themanini na nane, kisha akakaa Mildura kwenye banda la kufungasha machungwa mpaka viza ya kwanza ilipoisha. Mwaka wa pili alioutolea jasho hakuutumia. Alirudi nyumbani akapata kazi mjini Carrick, ofisi ya bima, dirisha la pili ukiingia. Watu walipomuuliza kuhusu kuoka alisema alijaribu Australia akaona hana kipaji, na alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyelipima jambo na kulimaliza.

Lorcan alibaki. Alipata karatasi za ukaazi wa kudumu, akawa msimamizi wa ujenzi, akafunga ndoa na muuguzi wa Geelong. Ana sifa moja inayowashangaza vijana wanaotoka nyumbani. Mtu akimpigia simu kuuliza habari za fundi aliyewahi kufanya naye kazi, Lorcan huvua helmeti, husogea kando peke yake, na husema: huyu ni hodari, ni mwaminifu, anawahi. Husema kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. Vijana hutazamana kwa aibu. Wanadhani ni athari ya jua.

Ilimchukua miaka sita kumwambia Dervla. Alikwenda nyumbani Krismasi, akaenda kwake, akakaa jikoni. Yaliyotokea alinisimulia mara moja tu bila kuweka kichekesho hata kimoja, na ndiyo maana ninayaamini.

Alimweleza yote: mbao, wanaume wanane, spika, mlango wa sakristia. Alipofika kwenye droo ya hela Dervla alikuwa ameshika mbavu.

"Sadaka wanachukua chenji! Mshenzi wewe!"

"Ndiyo sababu hukupata kazi, Dervla. Alinisadiki."

Akaendelea kucheka kidogo zaidi, kama gari linalomaliza mafuta, kisha akafuta macho.

"Na unga? Sikuukaza?"

"Alisema mikono yako ni mizuri kuliko yake alipoanza."

"Alisema lini?"

Lorcan angeweza kudanganya hapo. "Ijumaa. Kabla hujapanda treni."

Dervla alitazama mezani. Palikuwa na mkate wa dukani, uliokatwa vipande, kwenye mfuko wake wa plastiki. Aliufunga mfuko vizuri. Lorcan anasema alikuwa amejiandaa. Alijua ni tusi gani linakuja, la meno au la ukoo, na alikuwa tayari kulipokea lote, akishukuru.

Dervla akanyanyuka, akaweka maji ya chai. Akauliza anaendeleaje mke wake. Akauliza kama safari ilikuwa ndefu, na kama mama yake amepona mguu. Alimpa biskuti kwenye sahani. Lorcan alipoondoka, Dervla alimpa mkono mlangoni, akamwambia, "Asante kwa kuja kuniambia, Lorcan. Umefanya vyema."

Tangu hapo humtumia kadi kila Krismasi, yenye maandishi mazuri, akimtakia heri yeye na familia yake. Lorcan amejaribu mara mbili kumjibu kwa kumtukana kama zamani. Mara zote mbili ameshukuriwa.