Kioo cha Muktar na Kitabu cha Nyimbo

Mwaka wa 1994 magari manne ya wateja wa Ndeti yalikataliwa na mkaguzi, na Ndeti akaanza kukichukia chombo cha mkaguzi huyo. Yeye ndiye aliyebandika tinti, karatasi nyeusi ya kuzuia jua, kwenye vioo vya magari pale mjini Kambu. Aliilowesha karatasi ile nyeusi kwa maji ya sabuni, akaibandika upande wa ndani na kuisukuma kwa kipande cha mpira hadi viputo vyote vikatoka. Kazi yake haikuwa na kasoro. Lakini mkaguzi wa magari aliweka chombo chake cha kupimia mwanga kwenye kioo, akatazama mshale, akatikisa kichwa: mwanga uliopita haukutosha.

Ndeti hakuwa na chombo kama hicho, hivyo alipima kwa macho ya wateja. Mkewe Mbinya alisimama nje ya gari akiwa ameshika kitabu cha Kikamba cha nyimbo za kanisa, na mteja akasoma akiwa ndani. Aliyesoma bila kusita aliambiwa kioo kiko sawa. Wote walisoma bila kusita, na baadhi yao waliimba kabisa.

"Hicho chombo kimeharibika," Ndeti alimwambia Mbinya kila gari liliporudi. Alikuwa amekwisha kumlalamikia mkaguzi mara kadhaa, akajibiwa kwamba mshale hauna jamaa Kambu.

Gari la tano lilikuwa la Muktar, mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Kambu kutoka kaskazini. Alitaka kusafirisha abiria, na asubuhi ya siku iliyofuata gari lilikuwa lipelekwe kwa mkaguzi. Wenye magari wengine walikuwa wamesema wazi: hili nalo likikataliwa, hawatamletea Ndeti kioo tena.

Muktar aliketi ndani, Mbinya akainua kitabu.

"Naona mistari," Muktar alisema. "Herufi sizioni."

Ndeti alicheka kwa uchungu. "Bwana Muktar, Kikamba chako ni cha sokoni. Hiki ni cha kanisani."

"Sikusema sielewi, mzee. Nimesema sioni."

Mbinya ndiye aliyekasirika kwanza. Alikitupa kitabu kwenye kiti, akaenda dukani, akarudi na pakiti ya majani ya chai, aina ambayo hawakuwa wamewahi kuinunua. Alimwamuru mumewe aingie garini badala ya Muktar. Akaiweka pakiti nje ya kioo, maandishi yake madogo yakielekea ndani.

Ndeti alikodoa macho. Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Jua la saa sita lilikuwa kali, lakini pakiti ilibaki kivuli chenye pembe nne.

"Soma, baba Mutie," Mbinya alisema.

Hakuiona hata herufi moja. Akilini aliuona wazi uso wa mwalimu wa kwaya aliyemfundisha nyimbo zile utotoni, na wale wateja wote, waliozijua nao kwa moyo tangu utotoni.

"Kumbe hakuna aliyekuwa akisoma," Ndeti alisema.

"Mimi nilikuwa nikijaribu kusoma," Muktar alijibu. "Sasa, mzee, ukaguzi ni kesho asubuhi."

Ndeti alishuka, akachukua wembe na maji ya sabuni. Karatasi yake, iliyobandikwa vizuri mno, haikutaka kutoka. Ilichanika vipande vyembamba, gundi ikabaki kiooni, naye akaikwangua akiguna. Mbinya alisimama upande wa pili na pakiti ya chai, akingoja herufi ya kwanza ionekane.