Fremu Isiyojua Kulia
Bi Spana alikuwa na njia moja tu ya kuijua fremu ya baiskeli: aliigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Chuma kililia ngiii, naye akatikisa kichwa kama anayeitikia salamu ya nduguye. Alumini ililia ko, kifupi, kama sufuria tupu. Hapo alikunja uso, lakini aliipokea, maana mjinga hakuwa. Mwalimu aliyepanga ghorofa ya tatu alihitaji baiskeli ya kupandisha ngazi begani kila jioni, na chuma kingemstaafisha kabla ya wakati. Tena alumini haishiki kutu. Yote hayo Bi Spana aliyajua, ila mpaka ayatamke mbele za watu ilibidi aulizwe mara tatu.

Karakana aliachiwa na marehemu mumewe. Watu walisema ataifunga kabla mwezi haujaandama. Aliwajibu kwa kuning'iniza spana kiunoni, na toka siku hiyo jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwokaji, alibeba kreti nne za mikate juu ya fremu ya chuma aliyochaguliwa na Bi Spana. Ilishagongwa na mkokoteni, ikanyooshwa kwa nyundo, ikachomelewa mara mbili, na bado ilikuwa inadai barabara.

"Chuma kikivunjika unakiomba radhi kwa moto, kinarudi," Bi Spana alipenda kusema.

Sasa kitinda mimba wake, nesi, akaingia kwenye mashindano ya baiskeli ya Jumapili: mlima mrefu wa kupanda, halafu mteremko wa kiwanda cha matofali, ambao hata mbuzi huushuka kwa adabu. Ijumaa asubuhi akaleta baiskeli mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea fagio?"

"Ni kaboni. Hebu inyanyue."

Bi Spana akainyanyua kwa vidole viwili. Akaigonga. Ikajibu pu, kama boga.

"Haina sauti. Kitu kisicho na sauti kikiumia kitakwambiaje?"

"Mama, nakuomba upepo kwenye matairi. Upepo tu. Mengine nitafanya mwenyewe kesho nikitoka zamu."

"Kwani nitaila?"

Upepo aliujaza. Lakini alipozungusha pedali akasikia mnyororo unalalamika, na mnyororo ukilalamika karakanani mwake ni yeye anayetukanwa. Basi akaibana fremu kwenye jiriwa, ule mdomo wa chuma uliofungwa mezani, kama alivyozibana fremu zote tangu aingie kazini: bomba la juu katikati, mizunguko mitatu, na wa nne wa heshima.

Wa nne haukufika mwisho. Palilia kach, kama mtu aliyekanyaga biskuti.

Akalegeza. Chini ya bomba palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Akatazama mlangoni, hakuna aliyeona. Akapaka grisi, akafuta. Mstari ukazidi kuonekana. Akafikiria kuuchomelea, ila hakujua kama kitu kile huyeyuka au huwaka kama gazeti, akauacha mtungi wa gesi ulipo.

Jumamosi binti akaja.

"Usiipande hii," mama alisema.

"Haya, tumeanza."

"Kaboni si ya kuaminiwa kwenye mteremko ule. Chukua chuma cha baba yako."

"Kile kizito kama cha kubebea mikate, mama. Mwaka jana ulisema alumini ya mwalimu itakatika, mwalimu huyo anapita kila siku. Mwaka juzi ukasema gia zinaleta ugonjwa wa magoti."

Mwokaji alikuwa ameegemea mlango, unga hadi kwenye nyusi. "Na breki za diski aliziita vifuniko vya sufuria."

"Wewe kaangalie mikate, inaungua."

Hapo ndipo Bi Spana alipoona alichojifanyia. Ameilaani kila fremu isiyo chuma mpaka laana zake zimekuwa kama mlio wa jogoo wa jirani, hazimwamshi mtu. Leo ana neno la kweli na hakuna wa kulipokea. Binti keshashika usukani, mguu mmoja juu ya pedali.

"Nimekosea," Bi Spana akasema.

Kitambaa kikamponyoka mwokaji. Binti akashusha mguu.

"Umesemaje?"

"Una masikio."

"Nina miaka thelathini na mbili, mama, neno hilo sijalisikia kinywani mwako."

"Niliibana kwenye jiriwa. Ina ufa hapo chini. Usiseme nilidhani ni chuma. Nilijua si chuma, nikaibana vilevile."

Binti akainama, akapitisha ukucha kwenye ufa. Ukakwama. Akakaa juu ya ndoo.

"Mwaka mzima wa zamu za ziada," alisema. Halafu akaongeza, "Kesho ningeshuka nayo ule mteremko."

"Ndiyo maana nimesema. Usitake nirudie."

Alikasirika mpaka adhuhuri, akakasirika akiwa anamshikia mama spana. Waliteremsha baiskeli ya marehemu kutoka darini, wakang'oa keria ya mizigo na bati za kukinga matope. Kengele mama alikataa isitolewe.

Jumapili, mlimani, kile chuma kilimtoa binti jasho la mwaka. Alipitwa hata na bwana mmoja aliyekuwa akiikokota yake. Kwenye mteremko kikatulia kama ng'ombe mzee, naye akawapita wawili, akipiga kengele. Akawa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne.

"Watatu wako nyuma yake," Bi Spana aliwatangazia waliouliza na wasiouliza.

Fremu ya kaboni imening'inizwa ukutani, ufa ukitazama mlango. Siku hizi mteja akija kutafuta fremu, Bi Spana huuliza kwanza anapanda wapi na anabeba nini, halafu ndiyo humsifia chuma. Juzi kijana mmoja wa mashindano alileta kaboni yake. Bi Spana akaizungushia kitambaa, akaibana kwa nguzo ya kiti, mzunguko mmoja, basi.

"Hiyo ya ukutani nani aliipasua?" kijana akauliza.

"Fundi mmoja mkaidi sana."

"Bado yupo?"

Mwokaji akakohoa mlangoni.

"Yupo," Bi Spana alisema, akiendelea na mnyororo. "Amejirekebisha kidogo."