Niliitupa Motoni Kofia ya Idi Aliyonitengenezea Mwanangu

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana mke wangu naye anaufuata ukurasa huu. Najua wengine mtanitukana. Sawa, nitukaneni, ila mkimaliza nisaidieni.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, fundi pikipiki hapa Handeni mjini. Kwetu ni Misima. Nimeoa Msambaa wa Bungu, upande wa Korogwe, na Mungu ametujalia watoto wawili: binti wa miaka saba, nitamwita Zuhura, na mdogo wake wa kiume, nitamwita Rama, ana miaka mitano.

Mke wangu ana kipaji cha kufanya sikukuu ipendeze hata kama ndani hamna kitu. Wiki nzima kabla ya Idi anakaa uani na watoto, wanakata vipande vya kanga zilizochakaa, wanavifunga kwenye kamba ya katani na kuitundika kutoka mlangoni mpaka kwenye mpapai. Siku yenyewe, wakishakula, anaficha karanga alizozifunga kwenye vikaratasi, nyingine kwenye kinu, nyingine chini ya ndoo. Watoto wanazitafuta huku yeye anapiga makofi, polepole wakiwa mbali, harakaharaka wakikaribia. Ni vicheko mpaka majirani wanachungulia. Ukweli nilikuwa napenda, mpaka Idi ya mwaka jana.

Siku hiyo kaka yangu alikuja kutoka Dar bila kutuambia, na mkewe na mtoto wao. Wamependeza kweli, mtoto ameshika gari la rimoti. Mimi ndiyo nimetoka kuswali, nina kanzu yangu ileile ya miaka yote. Kaka akasimama chini ya vile vitambaa, akacheka.

"Mdogo wangu, hii ni Idi au chekechea? Hata nguo za sikukuu za hawa watoto zimekushinda?"

Kabla sijajibu, Rama akaja mbio na kofia ya boksi la sabuni. Ameichora nyota kwa mkaa, mkono wote mweusi.

"Baba, inama nikuvishe. Nimeitengeneza mwenyewe!"

Mtoto wa kaka akaangua kicheko. Shemeji akageukia pembeni, nikaona mabega yake yanatikisika. Ndugu zangu, sitamsingizia shetani. Ni mimi. Niliinyakua ile kofia, nikaikunja, nikaitupa jikoni kwenye moto. Nikaivuta na ile kamba ikakatika. Nikafoka, "Mnaniaibisha! Takataka hizi sitaki kuziona tena nyumbani kwangu!"

Zuhura alikimbilia ndani. Rama hakulia. Aliangalia moto, akasema taratibu, "Baba, ilikuwa yako."

Kaka mwenyewe alishtuka. "Jamani, nilikuwa natania tu." Walikula, jioni wakaondoka, na kwake yakaishia pale. Mke wangu hakunigombeza. Aliokota vile vitambaa kimoja kimoja, akaingia navyo ndani.

Idi iliyofuata, ile ya kuchinja, nilijikaza nikawanunulia nguo mpya, mwanasesere na gari. Nilitaka nisawazishe mambo. Walipokea kwa mikono miwili, "Ahsante baba," wakaviweka kwenye sanduku. Mchana nikatoka kidogo kwenda kusalimia watu. Niliporudi nikasikia vicheko nyuma ya nyumba ya jirani, na makofi yale ninayoyajua, polepole, halafu harakaharaka. Nikaenda huku natabasamu. Waliponiona wakanyamaza wote. Zuhura akaficha mkono nyuma.

"Umeshika nini mama?"

"Hakuna kitu, baba."

Msiniulize nilijisikiaje. Baadaye nilimuuliza mke wangu kama ndiye anayewafundisha kunificha. Akasema, "Sijawafundisha. Wameamua wenyewe. Mimi nimeshindwa tu kuwakataza wasicheze."

Tangu hapo ndiyo hali yetu. Nikirudi wananiamkia vizuri, "Shikamoo baba," wananipokea mzigo, lakini ile kelele ya ndani inakatika. Nilimweleza mama yangu kule Misima kwamba nataka kuwaomba watoto msamaha. Akaniambia, "Mwanangu, tangu lini mzazi akamwangukia mtoto? Ukianza hivyo hawatakuheshimu tena. Wewe walishe, watasahau." Siku nyingine nilimpitia Rama shuleni, nikamnunulia soda, nikakaa naye benchi la gereji nikiwa nimeshajipanga cha kusema. Nikaishia kumuuliza wamesoma nini.

Sasa Ramadhani inaelekea mwisho. Juzi mke wangu akaniambia, "Baba Zuhura, naomba ruhusa. Idi hii niwapeleke watoto Bungu kwa bibi yao, wakacheze."

"Kwani hapa nani kawakataza?"

Akanitazama usoni. "Hapa wanakuogopa."

Mama anasema nisiwaruhusu, mke hawezi kumwacha mume peke yake sikukuu, watu watasema. Na mimi nilikaribia kukataa kwa hasira. Lakini jana mchana nilikuwa nanawa mikono pale nje, Rama akaja akasimama karibu.

"Baba, na wewe unakuja Bungu?"

"Wewe unataka nije?"

Akafikiri kidogo. "Ukija, utakasirika?"

Nikaendelea kunawa mikono ambayo ilishatakata.

Ndugu zangu, nishaurini. Niwaache wapande Bungu wakafurahi bila mimi, au niende nao? Na nikienda, naanzia wapi? Nyinyi akina baba mnaosoma hapa, kama yupo aliyewahi kumwomba mtoto wake mdogo msamaha, naomba aniambie tu alimwambiaje. Hayo maneno mimi siyajui, sikuwahi kuyasikia kwa baba yangu.